Konea haingoji foleni: barua ya wazi kuhusu tiba ya keratokonasi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Mganga Mkuu wa Serikali, viongozi wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya na wa Bohari ya Dawa, pamoja na waganga wafawidhi wa hospitali za rufaa nchini Tanzania.

YAH: UKAZAJI WA KONEA KWA WAGONJWA AMBAO KERATOKONASI YAO INAENDELEA

Waheshimiwa,

Sisi ni madaktari wa konea, wapimaji macho na wauguzi wa kliniki za macho. Tunaomba mtoto na kijana mwenye keratokonasi akazwe konea ndani ya wiki 6 tangu ugonjwa ugunduliwe, na kila hospitali itakayopewa mashine ya kazi hiyo ihesabiwe mafanikio yake kwa macho yaliyotulia baada ya miezi 12. Idadi ya wagonjwa waliolazwa chini ya taa ya tiba hii haitoshi kuwa kipimo. Hapa chini tunaeleza kwa nini, na mahali ambapo kazi hii huharibika.

Keratokonasi ni ugonjwa wa konea, kile kioo angavu kilicho mbele ya mboni. Nyuzi za kolajeni zinazokipa uimara hulegea, kioo huwa chembamba, na shinikizo la ndani ya jicho hukisukuma mpaka kinachongoka mfano wa pia. Mara nyingi huanza wakati wa balehe, hukimbia katika ujana, kisha hupunguza mwendo na kwa wengi hutulia wanapokaribia miaka 40. Mtu wa miaka 38 anaweza kusubiri mwaka mzima na konea yake isibadilike. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza, kwa mwaka huohuo, anaweza kutoka kwenye miwani ya kawaida akaishia kwenye orodha ya kupandikizwa konea ya marehemu. Foleni inayowapanga hawa wawili kwa tarehe ya kufika inamwonea mtoto.

Tiba tunayoizungumzia, ambayo kliniki nyingi huiita CXL, hukaza nyuzi hizo kwa matone ya riboflavini, yaani vitamini B2, na mwanga wa urujuanimno. Riboflavini ikipigwa na mwanga huo mbele ya oksijeni huzalisha chembe zinazofunga nyuzi za kolajeni zishikane upya. Hiyo ndiyo kazi yake yote. Haiondoi miwani, haimrudishii mgonjwa jicho alilokuwa nalo akiwa na miaka 10, wala haiondoi kovu lililokwisha kuota katikati ya konea. Inasimamisha ugonjwa pale ulipofika, na ndiyo sababu siku ya kuifanya ina uzito kuliko kitu kingine chochote.

Matokeo yake yanajulikana vizuri. Mwaka 2003, Wollensak, Spoerl na Seiler wa Dresden, Ujerumani, walichapisha taarifa ya macho 23: ugonjwa ulisimama katika yote, na katika macho 16 mchongoko ulipungua kwa wastani wa dayopta 2 (dayopta ni kipimo cha mpindo wa konea: namba ikipanda, konea imechongoka zaidi). Mwaka 2014 jopo la Melbourne, Australia, lilitoa matokeo ya miaka 3 ya jaribio lililowapanga wagonjwa kwa kura. Macho yasiyotibiwa yalizidi kuchongoka kwa wastani wa dayopta 1.75, na yaliyotibiwa yakapungua kwa 1.03. Marekani iliidhinisha tiba hii mwaka 2016.

Lakini jaribio tunaloomba lisomwe na kila mwenye kalamu ya bajeti ni KERALINK la Uingereza, lililochapishwa 2021. Liliwahusu vijana 60 wa miaka 10 hadi 16. Nusu walikazwa konea. Nusu waliendelea na huduma ya kawaida ya miwani na lenzi huku wakifuatiliwa. Baada ya miezi 18, ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa asilimia 7 ya waliotibiwa na asilimia 43 ya wasiotibiwa. Ikumbukwe kwamba wale wasiotibiwa hawakuwa wametelekezwa. Walipimwa kwa ratiba, kwa mashine nzuri, na wataalamu. Hivyo kumwandikia mtoto "arudi baada ya miezi 12 tuone kama inaendelea" ni kumwingiza kwenye hatari hiyo kwa makusudi. Mtu mzima anaweza kupimwa kila baada ya miezi 6 ili tujue kama ugonjwa unasonga. Mtoto atibiwe pale unapogunduliwa.

Tiba ina hasara zake pia, na tungekuwa tunawadanganya tusipozitaja. Koller na wenzake wa Zurich, Uswisi, waliripoti mwaka 2009 macho 117: katika asilimia 7.6 ugonjwa uliendelea hata baada ya tiba, na asilimia 2.9 yalipoteza mistari 2 au zaidi ya ubao wa kupimia macho. Kushindwa kulihusiana na konea iliyokwisha kuvuka dayopta 58. Kupoteza uoni kulihusiana na umri wa zaidi ya miaka 35 na jicho lililokuwa likiona vizuri tangu mwanzo. Tafsiri yake kwa mpangaji ni nyepesi: mgonjwa aliyecheleweshwa mpaka dayopta 62 anatumia dawa ileile, taa ileile na muda uleule wa daktari, kwa nafasi ndogo zaidi ya kufanikiwa.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana fedha nyingi zinaweza kumwagika hapa bila mtu kujua.

Kabla ya yote, kipimo. Kusema ugonjwa unaendelea kunahitaji ramani mbili za konea zilizochukuliwa kwa aina moja ya mashine. Ramani ya mashine inayosoma miduara iliyoakisiwa juu ya konea hailingani na ya mashine inayopiga picha za vipande vya konea kutoka mbele hadi nyuma, na kulinganisha namba za hizo mbili ni kulinganisha futi na mita. Mgonjwa anayevaa lenzi laini aziache kwa wiki 1 kabla ya kipimo, na ngumu kwa wiki 2 hadi 3, kwa kuwa lenzi huibonyeza konea ikasomeka isivyo. Konea iliyochongoka sana nayo husomeka kwa kuyumba: juu ya dayopta 55, nyongeza ya dayopta 1 inaweza kuwa kuyumba kwa mashine tu. Kwa hiyo tunapima mara 3 kwa kikao kimoja na kuangalia unene pamoja na umbo la upande wa nyuma. Ziko konea zilizokazwa bila sababu kwa namba moja tu iliyoyumba, na ziko zilizoachwa ziharibike kwa namba moja iliyotulia kwa bahati.

Utaratibu wa msingi ni ule wa Dresden. Jicho hutiwa ganzi ya matone. Ngozi ya juu ya konea hukwanguliwa kwa upana wa milimita 8 hadi 9. Riboflavini ya asilimia 0.1 hudondoshwa kila baada ya dakika 2 hadi 3 kwa dakika 30. Kisha jicho humulikwa kwa mwanga wa nanomita 365 hadi 370, nguvu ya miliwati 3 kwa kila sentimita ya mraba, dakika 30 nyingine, matone yakiendelea. Jumla ya nishati ni juli 5.4 kwa kila sentimita ya mraba. Wapo wanaotumia miliwati 9 kwa dakika 10 na kufikia jumla ileile, na kwa hospitali yenye wagonjwa wengi njia hiyo inakubalika. Ukizidi kuongeza nguvu na kufupisha muda, oksijeni iliyomo ndani ya konea huisha kabla kazi haijafanyika, na ukazaji huishia juujuu. Kosa hilohilo huwapata wanaoacha ngozi ya juu bila kuikwangua ili mgonjwa asiumie: riboflavini haipiti vizuri, oksijeni haitoshi, na mtoto anaweza kuonekana ametibiwa ilhali konea yake bado imelegea. Maumivu ya siku 3 yanatulizika kwa dawa. Mwaka uliopotea haurudi.

Hatua inayorukwa mara nyingi, nayo ndiyo ya hatari kuliko zote, ni kupima unene mara ya pili. Konea inapaswa kuwa na mikroni 400 au zaidi (mikroni 1,000 ni milimita 1) baada ya ngozi ya juu kuondolewa, ili mwanga ufike hafifu kwenye seli za ndani kabisa zinazoifanya konea ibaki angavu. Seli hizo hazizaliwi upya. Ngozi ya juu peke yake ina mikroni 50 hivi, kwa hiyo konea iliyosomeka 430 asubuhi inakuwa 380 baada ya kukwanguliwa. Na si hilo tu. Riboflavini iliyochanganywa na dekstrani, aina ya sukari nzito, huvuta maji, na katika zile dakika 30 za matone konea huweza kusinyaa zaidi. Daktari aliyepima mara moja tu, mwanzoni, anawasha taa juu ya konea asiyoijua unene wake. Pakimeta, yaani kipima unene wa konea, ni kifaa kidogo, kinakaa kwenye kiganja, na mashine ya CXL iliyonunuliwa bila hicho isiwashwe.

Konea iliyopungua chini ya 400 haina maana kwamba mgonjwa arudishwe nyumbani. Riboflavini isiyo na dekstrani, yenye maji mengi kuliko konea, huivimbisha kwa muda mpaka ifike kiwango salama. Upo pia utaratibu uliochapishwa na Hafezi na wenzake mwaka 2021 unaopunguza muda wa mwanga kulingana na unene wa kila konea. Kwa hiyo tunaiomba Bohari ya Dawa, itakapoandika riboflavini kwenye orodha yake, iandike aina mbili, yenye dekstrani na isiyo nayo. Iandike pia kwamba dawa hii haivumilii mwanga, hivyo chupa zisikae dirishani, na chupa ikifunguliwa ni ya mgonjwa mmoja na siku moja.

Riboflavini ina kazi ya pili ambayo wengi huisahau: ni ngao. Hufyonza mwanga usipenye hadi kwenye lenzi na retina. Kabla ya kuwasha taa, mgonjwa aangaliwe kwenye slitilampu, ile hadubini ya kuchunguzia macho, kwa mwanga wa buluu, na rangi ya kijani-njano ionekane imepita konea yote hadi kwenye maji yaliyo nyuma yake. Isipoonekana, endelea na matone. Taa nayo ipimwe nguvu kila siku ya kazi kwa kifaa chake, na ikae umbali ulioandikwa na mtengenezaji. Mgonjwa akisogeza kichwa, mwanga huangukia pembeni na ncha ya konea iliyochongoka hubaki bila kukazwa, kwa hiyo awepo muuguzi ambaye kazi yake ni kulitazama jicho tu.

Si lazima kazi hii isubiri chumba kikubwa cha upasuaji. Chumba safi cha matibabu madogo kinatosha, na tayari ipo namna ya kuifanya mgonjwa akiwa ameketi kwenye slitilampu. Hospitali inayopanga CXL kwenye orodha moja na upasuaji wa mtoto wa jicho itajikuta inaahirisha CXL kila wiki.

Wiki ya kwanza baada ya tiba inahitaji uangalizi kuliko siku ya tiba yenyewe. Jicho limeachwa na kidonda cha milimita 9 na lenzi laini juu yake kama bandeji. Kidonda hufunga kwa siku 4 hadi 7, na katika siku hizo vijidudu vina mlango. Mgonjwa apewe matone ya antibaiotiki na aonwe siku ya kwanza, ya tatu au ya nne, kisha tena siku ya kuondoa lenzi. Asipewe kamwe chupa ya ganzi aende nayo nyumbani. Inazuia kidonda kufunga na inaweza kuyeyusha konea. Aliyewahi kuugua vidonda vya macho vya virusi vya hapisi atambuliwe mapema, kwa kuwa mwanga huo unaweza kuviamsha. Mjamzito asubiri.

Hapa ndipo jiografia inapoingia. Mtoto anayetoka Kigoma au Mtwara na kutibiwa Dar es Salaam au Moshi hawezi kutibiwa Jumatano na kupanda basi Alhamisi. Gharama ya kulala karibu na hospitali kwa siku 7, yeye na mzazi wake, ni sehemu ya tiba, na tunauomba Mfuko uihesabu hivyo. Kidonda kilichoingiwa na vijidudu njiani kinaweza kuacha kovu baya kuliko keratokonasi yenyewe.

Kisha kuna mwezi wa kwanza, unaowatisha wagonjwa na wakati mwingine hata madaktari. Baada ya wiki 4 konea husomeka imechongoka zaidi, uoni hushuka, na ukungu mwepesi huonekana ndani yake. Hiyo ndiyo njia ya kawaida ya kupona. Namba hurudi zilipokuwa karibu na mwezi wa 3, na huendelea kutulia au kushuka hadi mwezi wa 12. Ukungu nao huwa mwingi mwezi wa kwanza, hukaa hivyo hadi wa tatu, halafu hupungua. Kwa hiyo asiandikwe mtu kwamba tiba imeshindwa kwa kipimo cha mwezi wa kwanza, wala asitengenezewe miwani mipya kabla ya mwezi wa 3. Kinachofaa kuangaliwa mapema ni ule mstari hafifu unaoonekana kwenye kina cha mikroni 300 hivi, unaoonyesha ukazaji ulifika wapi.

Yote hayo yatakuwa bure kama mtoto ataendelea kupikicha macho. Mzio sugu wa macho, ule unaowafanya watoto wawe na macho mekundu au ya kahawia yanayowasha usiku na mchana, ni wa kawaida sana katika ukanda wetu. Uchunguzi wa shule za msingi nchini Rwanda uliuona kwa takriban asilimia 4 ya watoto. Kupikicha kunaambatana sana na keratokonasi, na konea iliyokazwa inaweza kuanza kuchongoka tena chini ya vidole vilevile. Mzio utulizwe kwanza, tena usisubiriwe miezi: matone ya kromoglikati au olopatadini ya kutumia kila siku, steroidi kwa muda mfupi chini ya uangalizi, na siklosporini kwa wale ambao mzio wao hautulii kwa dawa hizo. Tunasisitiza hilo la uangalizi. Matone ya steroidi yanayonunuliwa dukani mwezi baada ya mwezi huondoa muwasho, mzazi akafurahi, huku shinikizo la jicho likipanda kimyakimya. Tumechoka kupokea watoto wenye konea inayoweza kuokolewa na mshipa wa fahamu wa jicho uliokwisha kufa kwa glakoma, yaani presha ya macho. Dawa za mzio zisizo na steroidi zikiwepo kwenye zahanati wakati wote, watoto hao watapungua.

Ugunduzi hauhitaji mashine ya mamilioni. Mpimaji macho mwenye retinoskopu, kifaa cha mkononi cha kumulika jicho, huona mwanga ukikatika kama makali ya mkasi katika jicho lenye keratokonasi, mara nyingi kabla mgonjwa hajalalamika. Dalili nyingine iko kwenye daftari: kijana ambaye miwani yake imebadilishwa mara 2 kwa mwaka, astigmatizimu (kupinda kwa konea kusiko sawa pande zote) ikipanda na mhimili wake ukihama, na bado hafikii mstari wa 6/6, yaani uoni wa kawaida. Huyo apewe rufaa moja kwa moja hadi kwenye ramani ya konea, bila kupitia ngazi nne za hospitali. Ndugu zake wa tumbo moja nao wapimwe.

Kwa wanaouliza fedha: kupandikiza konea kunahitaji tishu ya marehemu, ambayo haitoshi, daktari aliyefunzwa upasuaji huo, nyuzi za kushonea zinazokaa mwaka au zaidi, na matone ya kuzuia mwili kuikataa kwa muda mrefu, pengine kwa maisha. Huko Oslo, Norwe, idadi ya wagonjwa wa keratokonasi waliopandikizwa konea ilipungua hadi takriban nusu ndani ya miaka kadhaa baada ya CXL kuanza kutolewa. Tunaomba pia lenzi ngumu ziingizwe kwenye kitita cha mafao pamoja na tiba hii, kwani jicho lililotulizwa kwenye dayopta 54 mara nyingi haliwezi kusoma ubaoni kwa miwani ya kawaida.

La mwisho ni daftari. Kila jicho liandikwe umri, mchongoko wa juu kabisa, unene mdogo kabisa kabla na baada ya kukwangua, uoni kwa miwani, aina ya riboflavini, nguvu na muda wa mwanga. Kisha namba hizohizo miezi 3, 6 na 12 baadaye, pamoja na maambukizi au kovu lolote. Ukurasa mmoja unatosha, na tuko tayari kuuandaa pamoja na wataalamu wa Wizara. Tunapendekeza kituo chochote ambacho zaidi ya jicho 1 kati ya 10 linaendelea kuchongoka mwaka mmoja baada ya tiba kikaguliwe taa yake, dawa yake na mpangilio wa foleni yake, kabla ya kununuliwa mashine nyingine.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Madaktari wa konea, wapimaji macho na wauguzi wa kliniki za macho